Povu Halitoki, Birika Limeota Ukoko: Jinsi ya Kulijua Tatizo la Maji ya Nyumbani Dar es Salaam

Hapa Dar es Salaam tuna jina moja kwa matatizo manne. Sabuni ikikataa kutoa povu, tunasema maji ya chumvi. Birika likiota ukoko mweupe, maji ya chumvi. Koki mpya ikiliwa na kutu kabla ya mwaka kuisha, maji ya chumvi. Maharage yakiinjikwa asubuhi na saa tisa bado magumu, ni yale yale maji ya chumvi. Mimi ni fundi wa mabomba na hita, na kinachoniuma ni kukuta familia imejibana miezi kadhaa ikanunua mtambo wa kuondoa kitu ambacho hakimo kwenye maji yao, huku kile kilichomo kikiendelea kuwatesa. Chokaa ina dawa yake, chumvi ya bahari ina yake, na chuma kina yake. Dawa ya mmoja haimgusi mwenzake.

Maji gani yamo kwenye tanki lako?

Anzia hapa kabla hujalaumu sabuni. Sehemu kubwa ya maji ya Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Yanasafishwa kwenye mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu, upande wa Mlandizi, ambayo bomba lake hufuata Barabara ya Morogoro hadi matanki ya Kimara, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ambayo bomba lake huja mpaka matanki ya Chuo Kikuu. Ni maji ya mto, hayakulala miaka ndani ya mwamba, kwa hiyo kwa kawaida ni laini kuliko maji ya visima vingi vya mjini.

Kisima ni habari nyingine. Maji ya mvua yakishuka udongoni hubeba hewa ya ukaa, yanapata uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha mawe ya chokaa. Kando ya bahari, kuanzia Msasani, Kunduchi na Mbezi Beach hadi sehemu za Kigamboni, chini kuna mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Anayetaka kuona kwa macho apite Wazo Hill pale Tegeta: mawe yanayochimbwa kilimani kutengeneza saruji ni matumbawe ya kale. Maji yaliyopita humo hutoka na kalsiamu na magnesiamu, na hivyo viwili ndivyo vinavyoyafanya yaitwe maji magumu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba nyumba nyingi zina vyote viwili, mita ya Dawasa na kisima, na mabomba yote yanamwaga kwenye simtanki moja. Mgao ukibana, pampu ya kisima inawashwa. Bomba likirudi, yanachanganyika. Oktoba na Novemba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame na mgao ukawa mkali, watu wengi walirudi kwenye visima walivyokuwa wamevisahau, na miezi iliyofuata nikawa naitwa kwenye hita na mabirika ambayo hayakuwahi kusumbua. Ukinunua maji ya boza, muulize dereva amejaza wapi; mengine hujazwa kisimani.

Bandika karatasi karibu na swichi ya pampu. Kwa wiki mbili andika siku gani yameingia maji gani, na siku gani sabuni iligoma. Mara nyingi karatasi hiyo peke yake inatoa jibu.

Sabuni haitoi povu, inaacha utando

Tafuta chupa mbili safi za nusu lita zenye mifuniko. Moja itie maji yako hadi theluthi, nyingine itie maji ya mvua kiasi hicho hicho. Usiyakinge ya mwanzo wa mvua, yanabeba vumbi la bati. Parua sabuni ya mche kwa kisu, tia vipande sawa kila chupa, funga, tikisa ukihesabu mpaka thelathini. Usitumie sabuni ya unga wala ya maji, maana hizo hutengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Chupa ya mvua itajaa povu zito, na maji ya chini yatabaki karibu angavu. Yako yakiwa magumu, povu litakuwa jembamba na litakufa mbele ya macho yako, na maji yatageuka kama maziwa yaliyochujuka, na vipande vidogo vyeupe vikielea. Vile vipande ni sabuni iliyoshikana na kalsiamu. Haioshi tena, ndiyo inayoganda kwenye beseni, ndiyo inayokufanya uhisi ngozi imevutana baada ya kuoga, na ndiyo inayobaki kwenye nywele ukaona mafuta hayakai.

Sasa chemsha maji yako dakika kumi, yaache yapoe na kutulia, mimina ya juu taratibu, rudia jaribio. Povu likiongezeka sana, ugumu wako ni ule wa muda, unaoganda kwa moto. Lisipobadilika, ni ugumu wa kudumu, au kuna chumvi ya bahari. Ukijua hilo umeshajua nusu ya safari.

Ukoko kwenye birika, hita inanguruma

Dondosha siki juu ya ukoko mkavu. Ukichemka kwa vipovu kama soda iliyofunguliwa, ni chokaa. Usipochemka, kwangua kidogo utie kwenye maji ya mvua: ukiyeyuka wote na maji yakawa na ladha ya chumvi, umepata chumvi. Ukiwa na rangi ya kutu, endelea chini kwenye habari ya chuma.

Chokaa hii huganda kwenye joto. Ndiyo maana bomba la maji baridi linaweza kuwa safi na hita ya nyumba hiyo hiyo ikawa hoi. Niliwahi kufungua hita ya lita 80 Tegeta ambayo mwenyewe alilalamika inanguruma usiku kama mtu anakaanga bisi. Kipasha joto chake, ambacho kikiwa kipya ni chembamba kama kalamu, kilikuwa kimenenepa kama muhogo. Nilipokigonga na bisibisi kikamwaga magamba, na chini ya tanki nikatoa mengine yaliyojaa beseni. Ule mngurumo ni maji yanayochemka chini ya magamba yakitafuta pa kutokea. Chokaa huzuia joto lisifike kwenye maji, kipasha joto kinajichoma chenyewe, umeme unaliwa, na mwisho kinakatika. Watu hununua kipya, baada ya muda nacho kinakatika, wanasema vya siku hizi ni feki. Vingine ni feki kweli, lakini magamba kwenye beseni yale yalikuwa yanaonekana.

Hapa kuna jambo la hatari ambalo wenye nyumba hawaambiwi. Kila hita ya tanki ina vali ya usalama, kile kifaa kidogo chenye kishikio kwenye bomba la kuingilia. Kazi yake ni kutoa presha maji yakizidi joto. Chokaa huiziba hiyo vali. Kinyanyue kishikio kila baada ya miezi michache uone maji yanatoka. Yasipotoka, zima umeme wa hita uite fundi siku hiyo hiyo. Na usiiweke hita zaidi ya nyuzi 60, maana kadiri joto linavyopanda ndivyo chokaa inavyoganda.

Kwa birika ni rahisi. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, ukoko wote ufunikwe, chemsha, zima, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Ndimu nyingi zilizokamuliwa hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Kichwa cha bomba la mvua kinachorusha maji pembeni kama kina hasira, kivue ukiloweke kwenye siki usiku mzima, kisha uyazibue matundu kwa sindano. Lakini usichanganye siki wala ndimu na jiki hata kidogo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu la Uswahilini halina hewa ya kutosha kuiondoa.

Maharage hayaivi, chai ina ngozi

Mama mmoja wa Mbezi Beach aliniita kwa ajili ya koki, nikamkuta amekaa mbele ya jiko amekata tamaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. We fundi wa maji, hebu niambie, gesi yangu inaishia kwenye maharage. Nimebadilisha duka mara tatu."

Nikamwomba achambue maharage yale yale, ayagawe mafungu mawili, ayaloweke na kuyapika kwenye sufuria mbili: moja maji ya kisimani kwake, nyingine maji ya mvua aliyokuwa amekinga kwenye pipa. Jioni akanipigia. Ya mvua yalikuwa yamepasuka na kutoa mchuzi. Ya kisima ganda lilikuwa bado linateleza kwenye meno. Kalsiamu hushikana na ile gundi ya asili inayounganisha chembe za maharage, ikaikaza badala ya kuiacha ilegee. Ndiyo sababu bibi zetu hutupia kipande cha magadi: magadi hufanya kinyume, hulegeza. Ila yakizidi, maharage yananuka kama sabuni na vitamini B1 inaharibika. Mimi nashauri uweke dumu moja la maji ya Ruvu au ya mvua kwa ajili ya maharage, makande na choroko tu. Nyanya na ukwaju vingoje mpaka yaive, kwa kuwa uchachu nao huchelewesha. Sufuria zote mbili zikigoma, basi ni maharage yenyewe yamekaa ghalani muda mrefu, na maji hayana kosa.

Chai ya rangi ikiota ngozi ya kahawia inayokatika kama barafu nyembamba ukiisukuma na kijiko, ni chokaa imeshikana na chai. Kamulia ndimu, inapotea. Haina madhara, inachukiza tu.

Kanzu nyeupe zimekuwa za kijivu, taulo kama gunia

Ni ile ile sabuni iliyoshikana na kalsiamu, imenasa kwenye nyuzi. Kuongeza sabuni kunaongeza uchafu huo. Dawa yake ni magadi soda ya kufulia kabla ya sabuni. Hesabu yake nimeifanya mara nyingi: ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita ina gramu 6 za chokaa, na zinahitaji gramu 6 na kidogo za magadi soda, yaani kijiko cha chai kimoja kilichojaa. Koroga, acha robo saa, maji yakipata wingu chota ya juu, ndipo utie sabuni. Suuza la mwisho utie siki vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo. Usitumie magadi soda kwenye sufi wala hariri, na mikono yako ivae glavu kama ngozi inachubuka upesi.

Ulimi unaonja chumvi

Hapa ndipo kwenye matatizo makubwa, na ndipo watu wanapoibiwa zaidi. Chokaa haina ladha ya chumvi. Ukionja chumvi kweli kweli, kando ya bahari mara nyingi ni bahari imeingia kisimani. Dalili nyingine: mchicha unaungua pembeni mwa majani, koki za chuma zinaota kutu ya machungwa, sakafu ikikauka inaacha unga unaoyeyuka ukimwagia maji, na kuchemsha kunafanya mambo yawe mabaya zaidi kwa kuwa maji yanapungua na chumvi inabaki.

Maji ya mvua yaliyo chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi. Kanuni yake inajulikana: kwa kila mita 1 ya maji yasiyo na chumvi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Igeuze uione ilivyo kali. Ukivuta kwa pampu kubwa ukashusha maji kisimani mita 1, chumvi inaalikwa kupanda mita nyingi kutoka chini, moja kwa moja kuelekea mdomo wa pampu yako. Kwa hiyo yule anayekushauri uchimbe zaidi kwa sababu maji yamekuwa ya chumvi, kando ya bahari mara nyingi anakupeleka kwenye chumvi yenyewe. Kinachosaidia ni pampu ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi, kupandisha pampu juu badala ya kuishusha, na kukipumzisha kisima. Kama majirani kumi mnavuta kutoka kwenye mchanga mmoja, mnaharibiana. Kaeni mzungumze mpeane zamu.

Mtambo wa kulainisha maji hauondoi chumvi hii. Kinachoiondoa ni mtambo wa kuchuja kwa utando mwembamba sana chini ya presha, ule unaotumika kwenye maduka ya kujazia maji ya kunywa. Unafanya kazi, lakini sehemu kubwa ya maji yanayoingia inamwagwa kama taka yenye chumvi kali, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida uweke wa kunywa na kupikia tu. Mengine yote, kinga mvua, hasa kwenye masika. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 2,000, mradi mifereji haivuji.

Madoa ya kahawia

Yajaze kwenye glasi yakiwa yametoka tu bombani. Yakiwa angavu kisha baada ya saa moja au mbili yakageuka rangi ya chai na kuacha mashapo ya kutu chini, ni chuma. Yamwage kutoka juu kwenye tanki la kwanza ili yapate hewa, yaache yatulie, yapitishe kwenye chujio la mchanga. Usitie jiki kwenye nguo nyeupe zenye madoa hayo, doa litakaa milele. Yakiwa na tope tangu yanatoka, hiyo ni mvua au bomba limepasuka njiani. Chokaa wala chuma havihusiki.

Povu haliishi, ngozi inateleza

Hii huwashangaza waliozoea kisima wakihamia Kimara au wakianza kutumia maji ya mvua: wanaoga, wanasuuza, wanahisi sabuni haijatoka. Imetoka. Ni maji laini, na mkono wako ulizoea kukwaruzwa na ule utando. Punguza sabuni hadi nusu. Tatizo la kweli la maji laini liko kwenye mabomba ya chuma ya zamani: hayajengi ngozi ya chokaa ya kuyalinda, kwa hiyo maji yaliyolala usiku hutoka na rangi ya kutu asubuhi. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya kudekia, na ukipata nafasi badilisha mabomba yawe ya plastiki.

Kabla hujatoa hela ya mtambo

Kijana aliyevaa fulana ya kampuni atakuja na kifaa kidogo kama kalamu, atakichovya kwenye glasi yako, kitaandika 900, naye atasema, "Umeona chokaa hiyo?" Kifaa kile kinapima jumla ya vilivyoyeyuka kwa kupitisha umeme. Hakijui chokaa wala chumvi. Mteja wangu mmoja alinunua mtambo wa kulainisha kwa kipimo hicho tu, na kisima chake kilikuwa cha chumvi. Maji yaliingia na chumvi, yakatoka na chumvi, na kalamu ikaendelea kusoma karibu vile vile. Hata kwenye maji magumu kweli kalamu haishuki, kwa sababu mtambo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, hauondoi kitu bila kuweka kingine.

Na hiyo sodiamu ihesabiwe. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 yakilainishwa hupata kama miligramu 138 za sodiamu kwa lita. Mwenye presha, au mnapotengeneza maziwa ya mtoto mchanga, tumieni bomba ambalo halijapita kwenye mtambo. Fundi akuachie koki moja ya jikoni kabla ya mtambo.

Nenda kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Omba wapime ugumu, kloraidi (ndiyo inayoonyesha chumvi), chuma, naitreti na floraidi. Ugumu chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, hadi 120 ni wastani, hadi 180 ni magumu, zaidi ya hapo ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha afya kwa ugumu, kwa hiyo chokaa isikutie hofu ya kunywa. Naitreti ndiyo ya kuogopa kwenye visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo: kikomo ni miligramu 50 kwa lita, haionekani, haina ladha, na kuchemsha huiongeza.

Kisha piga hesabu. Watu watano wakitumia lita 100 kila mmoja, kwenye ugumu wa 300, zinapita gramu 150 za chokaa kwa siku, kilo 4 na nusu kwa mwezi. Mtambo mdogo unaoning'inizwa kwenye koki hauwezi mzigo huo, na vile vya sumaku vya kufunga kwenye bomba haviondoi hata gramu moja. Kwa nyumba nyingi nilizopita, kutenganisha matanki kulitosha: Ruvu iende jikoni, kwenye hita na mashine ya kufulia, kisima kiende chooni na bustanini. Ni tanki la pili, vali mbili na siku moja ya kazi.

Sampuli ichukue bombani pa kisima, kabla ya tanki, baada ya pampu kuvuta dakika kumi. Isuuze chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze mpaka juu, ipeleke siku hiyo hiyo. Andika tarehe na msimu kwenye lebo, na kama kisima kiko karibu na bahari, peleka nyingine mwishoni mwa kiangazi.